Kabla ya Kuzika Bomba: Kupima Ardhi ya Unguja na Pemba kwa Pampu ya Joto

Pampu ya joto ya ardhini ni kiyoyozi ambacho hakitupi joto hewani kupitia lile kasha la nje lenye feni. Hulitupa ardhini, kupitia mabomba ya plastiki yaliyozikwa ambayo maji huzunguka ndani yake. Ulaya mashine hizi zinajulikana zaidi kwa kupasha nyumba moto wakati wa theluji. Unguja na Pemba hakuna anayehitaji kupashiwa nyumba. Kazi ni moja mwaka mzima: kutoa joto vyumbani na kulipeleka chini. Kule ardhi hupokea joto kiangazi na kulirudisha wakati wa baridi, na mwaka ukiisha huwa karibu ngoma droo. Hapa inapokea tu, Januari hadi Disemba, na kila mwaka unaanza ardhi ikiwa na joto kidogo zaidi ya mwaka uliopita.

Tena ardhi yetu ina joto tangu mwanzo. Wastani wa joto la hewa visiwani kwa mwaka ni kama nyuzi 26 hadi 27, na ukishuka mita kumi au zaidi ardhi huwa karibu na wastani huo au nyuzi moja mbili juu yake. Mchana wa kaskazi hewa hufika nyuzi 32 hivi. Kwa hiyo faida ya kuanzia ya ardhi juu ya hewa ni nyuzi nne au tano, basi. Maji yanayorudi kwenye mashine yakifika nyuzi 40, faida hiyo imekwisha na umebaki na mabomba ya gharama. Kikomo cha busara ni wastani wa nyuzi 37 au 38 ndani ya bomba. Kutoka 27.5 hadi 37.5 ni nyuzi kumi, na mfumo mzima unaishi ndani ya nyuzi hizo kumi.

Hiyo si sababu ya kuiacha teknolojia hii. Chumvi ya bahari hula makasha ya nje ya viyoyozi Nungwi na Paje kabla hayajazeeka, na pampu ya ardhini haina kasha la nje. Joto linalotolewa vyumbani linaweza kupasha maji ya kuoga ya wageni kabla ya kuzikwa. Na umeme wa Unguja unatoka bara kwa kebo ya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Aliyeishi ile miezi mitatu ya kiza tangu Disemba 2009 hahitaji kuelezwa thamani ya mashine inayotumia umeme kidogo. Lakini nafasi ni finyu, na kwenye nafasi finyu huwezi kukisia. Ni lazima upime.

Kipimo kinachodharauliwa

Miongozo ya kupima ardhi hutumia kurasa nyingi kwa upitishaji joto, yaani wati ngapi zinapita katika mita moja ya udongo kwa tofauti ya nyuzi moja, kisha aya mbili tatu kwa joto la ardhi lenyewe. Kwa visiwa vyetu mpangilio huo ugeuzwe. Hesabu hii inaonyesha kwa nini.

Chukua jengo linalohitaji kW 10 za ubaridi, na mashine inayotumia kW 2.5 za umeme kuzitoa. Joto la kupeleka ardhini ni kW 12.5. Wastani wa mwaka uwe asilimia 35 ya kiwango hicho. Matundu, yaani visima vyembamba vya wima ambamo bomba hushushwa, yana kipenyo cha mm 130, upinzani wa tundu (jinsi tundu lenyewe linavyozuia joto kutoka) ni 0.12 m·K/W, mfumo uishi miaka 10, na wastani wa maji bombani usizidi nyuzi 37.5. Ardhi ikiwa na nyuzi 27.5 na upitishaji wa 1.8 W/m·K, unahitaji kama mita 460 za tundu. Upitishaji ukiwa 1.2 badala ya 1.8, mita zinapanda hadi 580 hivi. Sasa urudishe upitishaji kwenye 1.8, ila ardhi iwe na nyuzi 29.5 badala ya 27.5: mita 570.

Kosa la nyuzi mbili kwenye joto la ardhi linakugharimu karibu sawa na kukosea theluthi nzima ya upitishaji. Ulaya ya kaskazini, ambako ardhi ina nyuzi 10 na maji yanaruhusiwa kufika 30, kosa lile lile la nyuzi mbili linaongeza asilimia 11 tu. Ndiyo maana hawalipigii kelele.

Nyuzi mbili ni rahisi sana kuzikosa. Kiwanja kitupu cha udongo mwekundu kinachopigwa na jua kina joto zaidi, mwaka mzima, kuliko kivuli cha mwembe ulio hatua ishirini pembeni. Chini ya maegesho ya lami hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo sensa ziwekwe pale pale bomba litakapolala, kwenye hali ya juu ya ardhi itakayokuwepo baada ya ujenzi. Kivulini ni pazuri kwa mpimaji, lakini majibu yake si ya maegesho.

Kwa mabomba ya mlalo, yanayozikwa mita 1.5 hadi 2, zika mlolongo wa sensa kwenye 0.1, 0.2, 0.5, 1.0, 1.5 na 2.0. Sensa za DS18B20 za kuzuia maji zinatosha, ila zinaruhusiwa kukosea nusu nyuzi, na hapa nusu nyuzi ni nyingi. Zisawazishe kwanza zote pamoja ndani ya chupa ya chai yenye barafu iliyosagwa na maji kidogo, ukikoroga, na andika kila moja inasoma nini. Barafu iwe ya maji safi ya kunywa. Barafu ya kuhifadhia samaki sokoni mara nyingi imeshaguswa na chumvi, na maji ya chumvi huyeyuka chini ya sifuri, hivyo utazisahihisha sensa zako kwa kosa jipya.

Wimbi la joto la mwaka hupungua kadiri linavyoshuka. Kwa udongo wa kawaida wenye unyevu, usambaaji joto (kasi ya joto kuenea ardhini) ukiwa kama 0.6 × 10⁻⁶ m²/s, wimbi hilo hubaki asilimia 37 ya ukubwa wake kwenye mita 2.4 hivi. Kwenye mita 1.5 hubaki kidogo zaidi ya nusu, na kilele chake hufika wiki tano baada ya kilele cha usoni mwa ardhi. Kwa hiyo joto la Februari humfikia mwenye bomba la mita 1.5 mwishoni mwa Machi. Ukipima Agosti, kipupwe kikiwa kimetulia, utaandika nyuzi ambazo mashine haitaziona siku inapozihitaji.

Udongo gani uko chini

Wakulima wa visiwani wana majina yao ya udongo, na ni ramani nzuri ya kuanzia. Kinongo, ule mwekundu wa upande wa magharibi wa Unguja, ni wa kina na unachimbika kwa mtaro, lakini hupitisha maji upesi na hukauka upesi. Kichanga hutegemea ni mchanga wa nini. Kinamo cha mabondeni, kama Cheju kunakolimwa mpunga, hushika maji vizuri ila hupasuka kiangazi. Uwanda na maweni ni matumbawe ya kale, na udongo kidogo uliojificha kwenye mianya: Makunduchi, Jambiani, Matemwe, na kwa Pemba maeneo ya Micheweni. Huko mtaro wa mita mbili ni kazi ya kuvunja mawe, na mtu huenda moja kwa moja kwenye matundu ya wima. Vilima vya Pemba vyenye udongo wa kina ndipo mahali pazuri zaidi pa mtaro katika visiwa vyote viwili.

Majedwali ya kimataifa yana mtego wake kwenye mchanga. Yanaposema mchanga uliojaa maji hupitisha 2 hadi 2.5 W/m·K, yanazungumzia mchanga wa kwartzi, madini yenye upitishaji wa karibu 7.7. Mchanga mweupe wa pwani ya mashariki hauna kwartzi. Ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani kalsaiti na ndugu zake, ambao upitishaji wao ni karibu nusu ya huo au chini zaidi. Tena chembe zake zenyewe zina vitundu ndani. Ukichukua tarakimu ya jedwali ukaipachika Bwejuu, umejenga juu ya kitu ambacho hakipo. Kuujua hakuhitaji maabara: mimina siki kwenye kijiko cha mchanga mkavu uliosagwa. Ukitoa povu, huo ni wa matumbawe. Ukikaa kimya, jedwali lina nafasi ya kusema kweli.

Kingine kinachoamua ni maji. Maji hupitisha 0.6, hewa 0.025. Udongo mkavu una hewa kati ya chembe; ulioloa una maji yanayounganisha chembe na chembe. Mchanga ule ule unaweza kutoka 0.3 ukiwa mkavu hadi mara tano sita ya hapo ukijaa maji. Kwa hiyo tarakimu ya upitishaji isiyoambatana na unyevu wake si kipimo.

Sindano

Kwa udongo laini, chombo ni sindano ya joto: bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, kipenyo mm 2.5, urefu mm 150, ndani yake waya wa hita uliokunjwa kwenda na kurudi, na sensa katikati kabisa ya urefu. Nafasi iliyobaki hujazwa gundi ya epoksi. Urefu uwe angalau mara hamsini ya kipenyo, la sivyo joto linavuja ncha zote mbili na hesabu haishiki.

Mfano wa kutengenezeka: hita ya ohm 75, mkondo wa 0.1 A. Hiyo ni wati 0.75, sawa na 5 W kwa mita. Betri ya volti 12 na kidhibiti cha LM317 chenye kizuizi cha ohm 12 vinatoa karibu 0.104 A, upime mkondo halisi kwa mita na utumie huo katika hesabu.

Ingiza sindano, uiache robo saa hadi usomaji utulie. Washa hita dakika 10, ukirekodi kila sekunde 5. Chora joto dhidi ya logi asilia ya muda. Sekunde 60 za kwanza zitupe, maana bado unapima chuma na gundi. Baada ya hapo doti zinapaswa kulala kwenye mstari ulionyooka. Upitishaji ni wati kwa mita zikigawanywa kwa 12.57 mara mwinuko wa mstari. Mwinuko ukiwa 0.33, jibu ni 1.2. Ukizima hita, endelea kurekodi dakika 10 nyingine za kupoa na ufanye hesabu hiyo hiyo, ila safari hii logi ni ya muda tangu kuwasha ukigawanywa kwa muda tangu kuzima. Majibu mawili yakitofautiana zaidi ya asilimia kumi, kuna kitu.

Mara nyingi kitu hicho ni hewa. Sindano iliyotikiswa wakati wa kuingia huacha tundu pana kuliko yenyewe, na unywele wa hewa unatosha kuharibu. Kinamo kikavu ndicho kibaya zaidi, kwa sababu hujikunja na kuachana na sindano. Kosa la pili ni jua: shimo likiwa wazi, ukuta wake hupanda joto wakati unapima, na mstari huinama. Funika kwa turubai. La tatu ni pupa ya kuongeza mkondo ili mwinuko uonekane vizuri. Joto jingi hufukuza unyevu kutoka kwenye sindano, na unaishia kupima udongo mkavu uliouumba mwenyewe. Kupanda kwa nyuzi moja hadi mbili kunatosha.

Kabla ya kwenda shamba, pima vitu viwili ambavyo jibu lake linajulikana: gliserini ya duka la dawa, 0.285, na maji yaliyogandishwa kwa agari, gramu 5 kwa lita, 0.6 kamili. Agari inazuia maji kuzunguka. Maji matupu hupanda na kushuka yenyewe yakipata joto na kutoa jibu kubwa mno. (Mwani unaolimwa Paje na Jambiani hutoa karajinani, si agari, gramu zake hazitakuwa hizo.)

Kwenye jiwe la matumbawe sindano huingia kwa keekee. Toboa, puliza vumbi, jaza girisi ya kupitisha joto, kisha ingiza. Livunje jiwe lenyewe uone unachopima: sehemu moja imeshikana kama marumaru, vidole viwili pembeni kuna sega la vitundu, na mstari wa udongo mwekundu ulioingia kwa maji ya mvua. Kipimo cha sehemu moja kinaweza kuzidi cha jirani yake mara mbili, na vyote viwili ni vya kweli. Ndiyo sababu maweni hayamalizwi kwa sindano.

Unyevu, na mwezi wa kupima

Pigilia pete ya chuma ya sentimita za ujazo 100 kwenye ukuta wa shimo, kata pande zote mbili kwa kisu, pima uzito, kausha kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Tuseme gramu 172 zimekuwa 140. Msongamano mkavu ni gramu 1.40 kwa sentimita ya ujazo, maji ni asilimia 32 ya nafasi. Uwezo wa kuhifadhi joto unaweza kuuhesabu bila chombo kingine: 1.40 × 0.84 kwa chembe, jumlisha 0.32 × 4.18 kwa maji, jumla 2.5 MJ kwa mita ya ujazo kwa kila nyuzi. Udongo ule ule ukishuka hadi asilimia 12 unabaki na 1.7. Kuna sindano pacha zinazopima uwezo huu moja kwa moja, lakini zina udhaifu: nafasi kati yao ni mm 6, na zikipanuka kwa mm 0.3 tu wakati wa kuingia, jibu linakosea kwa asilimia kumi. Kwa udongo wenye changarawe naamini zaidi oveni na mizani.

Sasa suala la mwezi. Masika huisha Mei na udongo umeshiba. Timu inakuja Juni, hali ya hewa nzuri, inapima, inapata tarakimu za kupendeza. Lakini viyoyozi hufanya kazi kupita kiasi Januari na Februari, wakati wa kaskazi, baada ya wiki kadhaa bila mvua ya maana. Tena bomba lenyewe, likiwa na nyuzi 38, hukausha udongo unaolizunguka. Udongo ukikauka upitishaji hushuka. Upitishaji ukishuka bomba hupata joto zaidi. Likipata joto zaidi hukausha zaidi. Mtaro ulioanza vizuri huharibika hivyo, mara nyingi kwenye kaskazi ya pili au ya tatu. Kipimo cha mtaro kifanyike mwishoni mwa Februari, kabla ya mvua ya kwanza.

Ratiba ikikataa, chora mkunjo wa ukaukaji. Chukua bomba la PVC lenye kipenyo cha mm 75 na urefu wa mm 200, ujaze udongo kwa mshindilio ule ule wa shambani, uloweshe hadi ushibe, upime kwa sindano na mizani. Uache ukauke siku moja, uufunge kwa plastiki siku nyingine ili unyevu ujisawazishe ndani, upime tena. Rudia mpaka uwe mkavu. Kwenye karatasi utaona mahali ambapo upitishaji, uliokuwa ukishuka taratibu, unaanguka ghafla. Mtaro usanifiwe ili udongo usifike huko: bomba liende chini zaidi, wati kwa mita zipunguzwe, au mchanga wa kuzungushia bomba uchanganywe na udongo laini unaoshika maji.

Zile sensa za 0.1 na 0.2 ulizozika zina faida nyingine ya bure. Wimbi la joto la mchana na usiku hupungua likishuka, na kiasi cha kupungua kinatoa usambaaji joto bila kugusa udongo. Likiwa nyuzi 5.0 juu na 2.2 chini, logi ya uwiano wao ni 0.82, na usambaaji ni 7.27 × 10⁻⁵ × 0.1², ukigawanywa kwa mara mbili ya 0.82 kipeo cha pili: 0.54 × 10⁻⁶. Kilele cha chini kinapaswa kuchelewa saa tatu na dakika chache. Kikichelewa tofauti sana na hapo, ama sensa zimesogea wakati wa kufukia, ama mvua imenyesha na maji yameteremka na joto lake.

Jaribio la tundu

Kwa matundu ya wima, chimba moja kwanza, la kina kamili, na ulifanye la majaribio. Zungumza na Mamlaka ya Maji kabla ya mashine kufika: maji ya kunywa ya Unguja yanatoka ardhini, na tundu lisilozibwa vizuri ni njia ya maji ya chumvi kupanda kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Bomba la U la poliethilini ya mm 32 hushushwa likiwa limejaa maji, kisha nafasi inazibwa kutoka chini kwenda juu. Bentonaiti tupu, ule udongo wa mfinyanzi unaovimba ukiloa, hupitisha kama 0.75, ikichanganywa na mchanga wa kwartzi hufika 1.5 na zaidi. Ichanganywe kwa maji baridi, kwa sababu kwenye maji ya chumvi haivimbi inavyotakiwa. Kwenye matumbawe yenye mapango unaweza kumwaga mchanganyiko wa matundu mawili na usione ukipanda. Simamisha, mimina changarawe mahali pa pango, subiri, endelea. Hapo weka alama ya kina, utaihitaji kusoma matokeo.

Subiri siku tano, zaidi kama kuna saruji, maana saruji hutoa joto inapoganda. Kisha, kabla ya kuwasha chochote, shusha sensa ndani ya bomba polepole, ukisoma kila mita mbili. Huo wasifu wa joto ndio ile namba ya nyuzi 27 au 29 iliyoamua mita 110 kule juu.

Jaribio ni kuzungusha maji yenye joto la wati zisizobadilika kwa saa 48 na kutazama yanavyopanda. Wati 50 hadi 80 kwa mita. Kwa tundu la mita 60, hita ya kW 3.6. Mtiririko wa lita 0.2 kwa sekunde unatoa tofauti ya nyuzi 4.3 kati ya kwenda na kurudi. Rekodi kila dakika: joto mbili, mtiririko, wati. Mabomba ya juu yavishwe sponji nene na yafunikwe kwa makuti. Kidhibiti cha usalama cha hita kisiwe kwenye nyuzi 45 kama kilivyokuja kutoka kiwandani kwa ardhi za baridi: ukianza na 27.5, mwisho wa siku ya pili maji yanaweza kufika 48, na hita itakata usiku wa manane.

Adui mkubwa ni volti. Nguvu ya hita hufuata kipeo cha pili cha volti. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 210, wati zinapungua kwa asilimia 17, wakati kipimo kinavumilia mkengeuko wa asilimia 1.5 na kilele kisichozidi 10. Stabilaiza ni ya lazima. Jenereta yenye mafuta ya siku mbili ni bora zaidi, mradi isiendeshe kitu kingine chochote, hata balbu ya mlinzi. Umeme ukikatika katikati kwa zaidi ya dakika chache, jaribio limekufa. Usiliendeleze, na usilirudie kesho yake: ardhi inahitaji kama siku 10 hadi 14 kurudi kwenye joto lake.

Kwenye hesabu, saa 10 za kwanza zitupe. Hapo bado unapima bomba na bentonaiti. Kanuni ni ile ile ya sindano: wati 60 kwa mita, mwinuko 2.65, upitishaji 1.8. Kisha fanya jambo ambalo ripoti nyingi hulikwepa. Anza hesabu saa ya 10 na uimalize saa ya 20, halafu ya 30, ya 40, ya 48. Jibu likibaki kati ya 1.75 na 1.85, una udongo. Likipanda 1.8, 2.0, 2.4, 2.8, una maji yanayotembea, na "upitishaji" huo ni kazi ya maji, si ya jiwe.

Pwani ya mashariki maji hayo yana saa zake. Bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na ndani ya matumbawe yenye mianya maji ya chini hufuata. Kwenye grafu utaona vinundu vidogo kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Jua nalo huacha nundu, lakini lake ni la saa 24 na hufika adhuhuri ile ile kila siku. La bahari huchelewa karibu dakika 50 kwa siku. Jaribio la siku mbili likiangukia bamvua, maji yanasukumwa kwa nguvu na tundu linaonekana kana kwamba halishibi joto. Wiki moja baadaye, maji mafu, tundu lile lile ni lingine. Andika tarehe na hali ya maji, na usanifu ufuate tarakimu ya chini. Tena maji ya bahari yenyewe hukaribia nyuzi 29 mwezi Machi. Yanayoingia kwenye mwamba si baridi kama mtu anavyotamani.

Mita 460 za mfano wa mwanzo ni za matundu yasiyogusana. Katika miaka kumi joto husafiri kiasi cha mita 30 kutoka kwenye tundu, kwa hiyo yatagusana. Nafasi ya mita 6 inayotajwa Ulaya ni ndogo kwa ardhi inayopokea tu. Mita 8 au 10, na matundu yapangwe kwa mstari mmoja kando ya uzio badala ya mraba, ili kila moja liwe na ubavu wa kutolea joto. Ndani ya tundu moja la katikati acha mlolongo wa sensa moja kwa moja, nyaya zake zitoke kwenye kisanduku kisichoingia maji. Zisomwe kila mwisho wa Februari, mashine ikiwa imezimwa usiku mzima. Ardhi ikiendelea kupanda zaidi ya nusu nyuzi kwa mwaka baada ya mwaka wa tatu, ongeza tangi la maji ya kuoga lichukue sehemu ya joto, au chimba tundu jingine kabla ya kaskazi ifuatayo.